Fundi Bwire Hashuki

Mimi sipendi mtu anayekaa juu wakati wenzake wamekaa chini wanakula. Ndiyo maana sikumwamini Bwire tangu wiki ya kwanza, na asije mtu akaniambia eti nilikuwa na wivu.

Jina langu ni Wilkister, lakini hapa mpakani Busia wengi wananiita Mama Emmy. Polio ilinipata nikiwa mtoto wa kutambaa, na nikaendelea kutambaa. Nina baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na nyuma yake nimepigilia sanduku la mbao la kubebea mzigo. Tuko wengi wa namna hiyo. Asubuhi tunavuka upande wa Uganda, tunapakia mayai na mchele, tunarudi navyo kwa wenye maduka upande wa Kenya. Mchana tunapeleka sabuni na mafuta ya kupikia kule. Watu wa geti hawatupangi foleni pamoja na malori. Sisi tuna kijia chetu pembeni, tunapita, wanatupungia mkono. Hicho kijia ndicho shamba letu. Bila hicho mimi ni mama wa kukaa mlangoni nikingoja kupewa, na Emmy wangu anarudi nyumbani kutoka chuoni.

Na mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kwa hiyo nikiwa mkali nina sababu.

Sasa, kila Ijumaa mchana sisi tunashuka. Tunaita hivyo tu, kushuka. Nyuma ya kontena moja kuukuu karibu na geti tunatandika magunia, kila mtu anatoka kwenye baiskeli yake anavyojua mwenyewe, wa kujitupa anajitupa, wa kuteleza kwa makalio anateleza, tunakaa chini kuzunguka sinia moja la ugali na omena. Hakuna anayeshikwa mkono mpaka aombe mwenyewe. Wiki nzima watu wanatuhurumia huko barabarani, wanatuita maskini wee. Pale chini hakuna cha maskini. Tunachekana, tunasengenyana, tunagombana mpaka mate yanaruka. Mgeni akishuka Ijumaa ya kwanza, basi huyo ni wetu.

Bwire hakushuka.

Ijumaa ya kwanza alisema amekula. Ijumaa ya pili tumbo lilikuwa linamsumbua. Ijumaa ya tatu akasema dawa anazomeza haziruhusu omena. Aka! Dawa gani hiyo inachagua samaki? Alikaa juu ya baiskeli yake mpya, rangi bado inanukia, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi na barakoa ya wakati ule wa korona imefunika mdomo. Asubuhi alifika akiwa amekaa. Jioni aliondoka akiwa amekaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona kati ya kiti na ardhi.

Aliyeniambia yeye ni nani ni Patroba. Patroba alikatwa na lori miguu yote miwili, na kabla ya hapo alikuwa mwendawazimu wa mpira. Siku moja tulikuwa tunangoja kupakia, akanisogelea kwa kunong'ona utadhani ananiuzia bangi.

"Mama Emmy, unajua huyo ni nani? Huyo ni Fundi Bwire."

"Fundi wa nini?"

"Fundi wa mpira! Namba kumi! Aliyechezea Kampala, akachezea taifa, akaenda kwa Waarabu. Nilikuwa na picha yake ukutani. Ni sauti ndiyo imemtoa, hiyo sauti niliisikiliza redioni miaka."

Nikamtazama Bwire kule alikokuwa, anapanga trei za mayai polepole. Hata mimi nisiyejua mpira jina hilo nililijua. Mwana wefwe, mtoto wetu Wasamia, watu walikuwa wanazima pikipiki barabarani kusikiliza akitangazwa. Walisema mshahara wake wa mwezi ulitosha kununua lori. Walisema ana nyumba tatu, walisema ana duka la magari.

"Sasa mwenye duka la magari anabeba mayai ya nani?" nikamuuliza Patroba.

"Labda alipata ajali."

"Ajali ya Fundi Bwire ingetangazwa mpaka kanisani. Wewe ulisikia?"

Hakusikia. Na hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika. Mtu mkubwa hajifichi mahali padogo bila sababu. Ama anapitisha kitu chini ya yale mayai, nikawaza, ama ametumwa kutupeleleza, ama ni mzima na anataka kijia chetu cha bure. Na mahali pa kujificha alikuwa amepachagua vizuri. Mtu akishakaa kwenye baiskeli kama zetu hakuna anayemtazama usoni. Wanatazama miguu, halafu wanatazama pembeni. Ungeweza kumpitisha rais hapa na wachukuzi wasimtambue.

Acom ndiye aliyeniletea la viatu. Acom ni rafiki yangu kutoka upande wa Uganda, Mteso wa kule Osukuru, mguu wake mmoja umekauka na anatembelea gongo. Ana macho ya kunguru.

"Mama Emmy," akaniambia, "mimi nakwambia, ile mtu iko mzima. Wewe hapana angalia kiatu yake?"

"Kiatu kina nini?"

"Naisha chini! Mtu gani ya baiskeli kiatu yake naisha chini?"

Hilo la viatu nyinyi wenye kutembea hamwezi kulijua. Sisi viatu vyetu vinachakaa juu, vinapasuka kwa jua, lakini soli inabaki mpya. Mimi nina raba za miaka sita ambazo ukizigeuza utadhani zimetoka dukani leo. Kesho yake nikajisogeza nyuma ya baiskeli ya Bwire, nikajifanya natafuta mnyororo wangu ulioanguka. Kiatu cha kulia, kwa kweli, soli ilikuwa imekwisha. Na kwenye mshono kulikuwa na vumbi jeupejeupe.

"Hiyo vumbi ya kwetu," Acom akasema nilipomweleza. "Hiyo ya vilima ya Osukuru. Hapa Busia haiko."

"Na Jumamosi haji kazini."

"Jumamosi hapana kuja hata moja. Na Jumatatu nakuja, naona uso kama mtu alilia."

"Hajalia, huyo. Amelewa."

Basi nikawa namhesabia Bwire kila kitu. Akicheka, nauliza anacheka nini. Akinyamaza, nauliza anaficha nini. Alikuwa na adabu, hilo sikatai. Alinisalimu kila asubuhi, "Umeamkaje, Mama Emmy," akashusha kichwa. Adabu yenyewe nikaitilia shaka. Nikamwambia Patroba aache kumbebea chai, naye akakasirika, akasema nina roho mbaya. Sawa, nina roho mbaya, lakini kikundi kiko juu ya kichwa cha nani?

Halafu afisa mpya wa geti akaniita.

Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kumjibu. Alichuchumaa mbele ya baiskeli yangu, akaongea taratibu.

"Mama, nimeambiwa kuna mtu mzima wa miguu kati yenu. Kuna mtu wa bodaboda amemwona akisimama kwa miguu yake."

"Nani huyo?"

"Ndilo ninalokuuliza. Mimi sina ubaya na nyinyi. Lakini nikimpitisha mzima mmoja kwenye njia ya walemavu, kesho watakuja kumi. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuja pale mnapokula. Unionyeshe ukweli. La sivyo, kuanzia Jumatatu mtapanga foleni na malori, nyote, na kila mzigo utafunguliwa."

Foleni ya malori! Mtu na baiskeli yake juani kutoka asubuhi mpaka saa tisa, mayai yanaiva ndani ya trei, kwa safari moja. Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Emmy alinipigia simu usiku ule kunieleza habari za chuo, na sikusikia hata neno moja.

Asubuhi Acom akampigia simu dada yake Osukuru. Akarudi kwangu macho yamemtoka. Kumbe kule kuna mashindano ya vijana, kila Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Yanaandaliwa na mtu mmoja anaitwa John Paul, mwenye pikapu nyekundu, anayetaka kiti cha siasa. Na kila Jumamosi, kabla mpira haujaanza, anayetoka katikati ya uwanja kupiga mpira wa kwanza ni nani? Fundi Bwire.

"Napiga mpira?" nikamuuliza Acom, mpaka Kiswahili changu kikawa chake.

"Napiga na mguu!"

Jumamosi ile tukakodi gari ndogo, mimi na yeye, tukaenda. Tulipofika Tororo nikaanza kuuma kucha, na tulipoingia Osukuru nilikuwa sina kucha. Dereva akaniegesha karibu na mstari, mlango wazi, nikakaa pale na simu yangu mkononi. Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto wamepanda miti, akina mama wanauza njugu, na John Paul ameshika maikrofoni anapiga kelele za kutoa mtu masikio.

Pikapu nyekundu ikaingia mpaka kando ya uwanja. Mlango ukafunguliwa.

Nikamwona. Hana kofia, hana barakoa. Amenyoa ndevu vizuri, amevaa jezi ya njano, namba kumi. Akasimama. Haki ya Mungu, akasimama, kisha akatembea. Alitembea polepole, kwa madaha, mguu wa kulia ameukaza kidogo, nami nikadhani ni maringo ya watu maarufu. Akina mama wakapiga vigelegele. Alipofika katikati, mpira ukawekwa, akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukaenda. Akainua mkono, akawapungia watu wa pande zote, na alipogeukia upande wetu akatupungia na sisi.

"Si nalisema?" Acom alikuwa ananipiga bega. "Ile mtu natembea! Natembea kama... kama watu!"

Mimi nilikuwa narekodi. Nikaishika simu kwa mikono miwili. Nikamwona akirudi kwenye pikapu, na mwanamume mmoja mwenye mkoba mdogo mweusi akaingia naye nyuma, wakafunga mlango. Hata mechi hakuketi kuitazama. Nikajisemea, ule mkoba ni wa malipo yake. Jumamosi analipwa kwa kutembea, Jumatatu anakuja kupitia kijia chetu kwa kutotembea. Mtu mmoja anakula meza zote mbili, na mimi ndiye nitakayefungiwa njia kwa ajili yake. Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote.

Wiki iliyofuata sikumwambia kitu. Niliitikia salamu zake. Wakati mwingine nilimwangalia anavyozungusha mikono kupanda kilima cha geti, jasho linamtoka, na nikasema moyoni, endelea kuigiza, Ijumaa inakuja.

Ijumaa ikafika. Magunia yakatandikwa, ugali ukamwagwa kwenye sinia, tukashuka wote. Afisa alikuja kama alivyosema, akaegemea kontena na kikombe chake cha chai. Simu ilikuwa ndani ya blauzi yangu, video iko tayari, ni kubonyeza tu. Bwire alikuwa pembeni, juu ya baiskeli, kofia imeshuka.

"Karibu chakula, Bwire," nikasema.

"Asante, Mama Emmy. Nimekula."

"Leo hujakula. Leo utashuka."

Mikono ikasimama kwenye sinia. Patroba akaanza kusema, "Mwacheni basi..." nikamkata kwa jicho.

"Tuongee kando kidogo, mama," Bwire akasema.

"Kando wapi? Mimi niko chini tayari. Nikufuate nikitambaa? Ongea hapa." Nikatoa simu. "Jumamosi nilikuwa Osukuru. Ulinipungia mkono."

Alimtazama afisa. Akaitazama simu. Wale wenzangu wakaanza kunung'unika, na Acom akasema, "Kiatu ndiyo nalisema, kiatu!" Mimi sikuondoa macho kwa Bwire. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila uongo ambao angeweza kuuleta.

"Basi chagua," nikamwambia. "Ama ushuke ukae na sisi, ama ushuke utembee uende kwako, tukuone. Lakini pale juu hukai tena."

Akavua barakoa. Akavua kofia, akaitundika kwenye usukani. Akatoa trei za mayai mapajani, akaziweka kwenye sanduku moja moja, na nikadhani anapoteza muda. Kisha akashika fremu kwa mikono yote miwili, akajisogeza ukingoni mwa kiti. Mguu wa kulia ukatoka mbele, umenyooka kama mwiko. Haukukunjika. Alijaribu kuufuata kwa ule wa kushoto, mkono ukateleza, akaanguka.

Hakushuka, alianguka. Aliangukia ubavu kwenye sinia letu, ugali ukaruka, omena ikammwagikia shatini. Suruali ikapanda mpaka juu ya goti, na bandeji ikafunguka, na wote tukaona. Goti lile lilikuwa kubwa, jeusi, limejaa vitone vya sindano, vipya juu ya vya zamani. Kiatu kilikuwa karibu na uso wangu. Soli ilikuwa imekwisha kweli, lakini imekwisha mbele tu, pale kwenye ncha, kama kiatu cha mtu anayeburuta mguu. Na mimi wiki zile zote nilikuwa nimeona soli imekwisha, sikutazama imekwishia wapi.

"Mnaona?" Bwire akasema kutoka pale chini. Sauti yake haikuwa na hasira. "Nikishuka, siwezi kupanda. Nyumbani Patience, mke wangu, ananisukuma kutoka barazani mpaka kitini. Hapa nani angenisukuma?"

"Na Osukuru?" nikauliza.

"Osukuru kuna sindano. John Paul ana mtu wake, yule mwenye mkoba. Nikidungwa silisikii goti, natembea kutoka kwenye gari mpaka katikati, napiga mpira, narudi. Ikiisha nguvu, nalia mpaka Jumatatu."

"Kwa nini hukusema?" Hapo nilikuwa nafoka, sijui nilimfokea nani. "Kwa nini hukusema tu kwamba uko kama sisi?"

"Nani atamlipa mlemavu aanzishe mechi, Mama Emmy? Wale watoto wa kule hawajaniona nikicheza. Walikuwa hawajazaliwa. Wananijua kwa kutembea tu. Nikienda na baiskeli hii, Fundi Bwire amekwisha."

"Kwa hiyo sisi ndio aibu yako. Ulikuja kujificha kwetu kwa sababu hakuna anayetutazama."

Angeweza kunidanganya. Akanitazama na omena shavuni.

"Ndiyo, mama," akasema.

Iliniuma. Nitasema wazi, iliniuma kuliko kama angekuwa mzima. Lakini lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake ambalo sikuwa na shaka nalo.

Patroba akadakia. "Na ile pesa, Fundi? Tulisikia lori kila mwezi."

"Nililipwa. Sikatai." Bwire alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa. "Nilikuwa na watu wa kunipigia simu kila mwisho wa mwezi, wengine sikuwajua hata sura. Nikawapa wote, nilipenda kuitwa mkubwa. Halafu ikaja fainali moja, goti limevimba, klabu wakaniambia ni sindano moja tu, ni dakika tisini tu. Nikacheza. Mechi iliyofuata nikadungwa tena. Mguu ulipoisha na mkataba ukaisha, na simu nazo zikanyamaza."

Afisa aliweka kikombe chake juu ya kontena, akaja mpaka kwenye gunia.

"Mama, nilikuambia Ijumaa unionyeshe ukweli."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu. Ndani yake kulikuwa na mtu mrefu mwenye jezi ya njano, anatembea. Ningebonyeza, afisa angemwona anatembea, na watu siku hizi wanaamini simu kuliko goti. Kijia chetu chote kilikuwa kwenye kile kidole changu kimoja.

"Ukweli ndio huu," nikasema, nikaelekeza kidole kwenye mguu. "Ni huyu aliyelala kwenye ugali wetu. Kama ni mzima, mwambie asimame."

Afisa akachuchumaa. Alilitazama goti kwa muda. "Simama, mzee," akasema, kwa upole.

Bwire akajaribu. Sijapenda kuona mtu akijaribu vile. Mikono yake ilikwaruza chini, mshipa ukamtoka kwenye shingo, na ule mguu ukabaki palepale unaelekea mbinguni. Afisa alimshika bega kumzuia.

"Inatosha," akasema. Akainuka, akajipangusa magoti. "Jumatatu mpite kama kawaida, Mama."

Akaenda zake, na chai yake akaisahau. Nikaifuta ile video kabla hajafika getini.

Lakini kufikia hapo wachukuzi walikuwa wamejaa. Mtu akianguka Busia anapata watazamaji kabla hajafika chini. Mmoja, ana mkungu wa ndizi begani, akakodoa macho.

"Wee! Si huyu ni Fundi Bwire?"

"Fundi? Huyu mwenye omena?"

"Ndiye! Namba kumi! Jamani, ndiye!"

Wakatupa mizigo, wakaja mbio, mikono mbele. Walitaka kumbeba. Niliona kabisa walivyotaka, wamwinue mabegani kama siku zile za vikombe, waimbe nyimbo, waingie naye mjini. Na Bwire mwenyewe, jamani, mikono ilianza kuinuka.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Toeni mikono! Hajaomba!"

Wakasimama. Nikamgeukia Bwire.

"Unaomba ubebwe?"

Aliwatazama wale wachukuzi. Walikuwa wanatabasamu, wawili tayari wametoa simu. Halafu akatutazama sisi, tumekaa kwenye magunia na ugali umemwagika, kila mtu anangoja.

"Naomba nifundishwe," akasema.

Basi nikatambaa mpaka kwake. Acom akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Patroba akasukuma kreti tupu la soda karibu na kiti, kwa sababu mtu hapandi kwa mkupuo mmoja, anapanda kwanza kwenye kreti, kisha kitini.

"Geuza mgongo," nikamwambia. "Baiskeli iwe nyuma yako. Usiivute, hiyo itakuja na wewe. Mikono nyuma, kwenye kreti. Kunja huo mguu mzuri. Huo mwingine uache ulale, usiubembeleze. Sasa sukuma ardhi."

Akasukuma, akateleza. Wachukuzi wakasema woi.

"Usiwaangalie hao. Angalia mkono wako."

Akateleza tena. Alitokwa na machozi, sijui ni ya goti au ya nini, na hakuna kati yetu aliyeyasemea. Patroba aliokota omena moja kwenye kola yake, akaila. Bwire akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo, na mara hii sikuuliza anacheka nini. Akasukuma tena, makalio yakafika kwenye kreti. Akapumua. Akabadilisha mikono, akashika fremu, akasukuma kwa nguvu zake zote, na akakaa kitini.

Wachukuzi wakalipuka kwa makofi. Miluzi, kelele, "Fundi! Fundi!" Niliuona uso wake wote ukigeukia ile sauti, kwa mazoea.

"Nyamazeni!" nikawaambia. "Mnapiga makofi ya nini? Mtu amepanda baiskeli yake!"

Makofi yakakatika. Mmoja mmoja wakaokota mizigo yao, wakaondoka. Sisi tukaendelea kukusanya ugali uliobaki safi. Mfukoni mwa Bwire simu ikaanza kuita. Akaitoa, nikaliona jina kwenye kioo, John Paul. Akaishika mkononi, akaitazama mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Kesho Jumamosi mnaanza saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi na mbili," nikamwambia. "Usichelewe."